Bakteria wabebaji wa chanjo

Bakteria wabebaji wa chanjo ni bakteria hai waliopunguzwa makali na kuongezewa jeni ya kijidudu kingine, ili wakiingia mwilini waufundishe mfumo wa kinga kukitambua kijidudu hicho. Bakteria mwenyewe ni chombo. Mzigo anaoubeba huitwa antijeni ya kigeni, yaani protini au sukari changamano inayotoka kwa bakteria wengine, kwa virusi, kwa kimelea kama kile cha malaria, au hata kwa seli za saratani.

Utafiti wa njia hii ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bakteria waliochunguzwa zaidi ni *Salmonella*, BCG na *Listeria monocytogenes*. Hata hivyo, chanjo za bakteria hai zilizoenea kwa binadamu bado ni zile zinazokinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria yule yule: BCG kwa kifua kikuu, Ty21a kwa homa ya matumbo (taifodi), na CVD 103-HgR kwa kipindupindu. Ugumu mkubwa ni kupata kiwango sahihi cha udhaifu. Bakteria aliyedhoofishwa kidogo anaweza kumdhuru aliyechanjwa. Aliyedhoofishwa mno hufa kabla ya kuuamsha mwili.

## Msingi wa wazo

Chanjo hufanya kazi kwa kuuonyesha mwili kijidudu kizima au sehemu yake bila kuuletea ugonjwa. Sehemu hiyo inaweza kutengenezwa maabara, kusafishwa na kudungwa kwa sindano, kama inavyofanyika kwa chanjo ya homa ya ini aina B. Lakini protini iliyosafishwa ikiwa peke yake mara nyingi huamsha kinga hafifu, kwa hiyo huongezewa kichocheo kama vile chumvi za alumini. Tena sindano ya kwenye msuli huleta kingamwili nyingi katika damu, lakini chache katika utando wa ute wa utumbo, pua na koo, ambako ndiko vijidudu vingi huingilia.

Bakteria hai ana uwezo wa kujibu matatizo hayo kwa pamoja:

* Ukuta wake una vitu ambavyo mwili huvitambua haraka kuwa dalili ya uvamizi, hivyo yeye mwenyewe ni kichocheo.
* Akimezwa, hufuata njia ile ile ambayo vijidudu vya utumbo hufuata, na kuamsha kinga pale pale mlangoni.
* Huzaliana kwa muda na kuendelea kutengeneza antijeni ndani ya mwili.
* Anaweza kubeba antijeni zaidi ya moja, na hivyo kukinga dhidi ya magonjwa kadhaa kwa dozi ile ile.
* Utengenezaji wake ni nafuu, kwa kuwa bakteria hukuzwa katika matangi, hukaushwa kwa kugandishwa, kisha hutiwa katika kapsuli au pakiti ya unga. Kazi ndefu ya kusafisha protini haihitajiki.

Kwa nchi zenye zahanati chache na wahudumu wachache, chanjo ya kumeza isiyohitaji sindano ina faida iliyo wazi, kama ilivyoonekana kwa matone ya chanjo ya polio.

## Historia

### Kupunguza makali ya bakteria

Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kuanzia mwaka 1879 kwamba bakteria wa kipindupindu cha kuku waliozeeka katika chombo cha maabara hupoteza makali, na kuku waliodungwa bakteria hao hawaugui baadaye wakipewa bakteria wakali. Mwaka 1881 alifanya jaribio la hadhara la chanjo ya kimeta kwa kondoo huko Pouilly-le-Fort.

Chanjo ya bakteria hai iliyotumika zaidi kwa binadamu ni BCG. Albert Calmette na Camille Guérin walianza mwaka 1908, katika mji wa Lille, kumhamisha *Mycobacterium bovis*, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, kutoka chombo kimoja hadi kingine chenye viazi, gliserini na nyongo. Baada ya miaka 13 na mizunguko takriban 230, bakteria huyo alikuwa amepoteza uwezo wa kusababisha ugonjwa. Mwaka 1921 alipewa kwa mara ya kwanza mtoto mchanga mjini Paris, kwa njia ya mdomo. Sababu kubwa ya udhaifu wake, yaani kupotea kwa kipande cha DNA kinachoitwa RD1, ilijulikana miongo mingi baadaye.

Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walimezeshwa BCG iliyochanganyika na bakteria wakali wa kifua kikuu katika maabara ya mji huo. Zaidi ya 70 walifariki. Uchunguzi ulithibitisha kwamba BCG yenyewe haikuwa imerudia ukali, bali kosa lilitokea katika kuitayarisha. Tangu hapo, usafi wa maabara na uthibitisho kwamba bakteria wa chanjo hawawezi kurudia ukali vimekuwa masharti makuu ya chanjo ya aina hii.

### Kutoka bahati hadi mpango

Katika miaka ya 1970 René Germanier na Emil Füer, huko Bern nchini Uswisi, walitengeneza aina ya *Salmonella* Typhi iitwayo Ty21a kwa kutumia kemikali inayoharibu DNA. Bakteria huyu ana kasoro katika jeni *galE*, inayohusika na matumizi ya sukari ya galaktosi, na hana ganda la Vi linalowalinda bakteria wa homa ya matumbo. Katika jaribio la Alexandria, Misri, lililohusisha watoto wa shule wapatao 32,000, chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 96 katika miaka mitatu. Huko Santiago, Chile, ilipotolewa kwa kapsuli, kinga ilikuwa takriban asilimia 67.

Ilidhaniwa kwamba Ty21a ni salama kwa sababu ya kasoro ya *galE*. Mwaka 1988 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliotengeneza upya bakteria mwenye kasoro hiyo na asiye na ganda la Vi, lakini bila mabadiliko mengine ya Ty21a. Baadhi ya watu wa kujitolea waliommeza waliugua homa inayofanana na ya matumbo. Ikawa wazi kuwa Ty21a imedhoofishwa na mabadiliko mengi yaliyotokea kwa bahati, na kwamba bakteria anaweza kuwa salama bila watengenezaji wake kujua hasa ni kwa nini.

Njia ya kupanga udhaifu ilifunguliwa mwaka 1981, wakati Susan Hoiseth na Bruce Stocker wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipoeleza *Salmonella* iliyoondolewa jeni *aroA*. Bila jeni hiyo bakteria hawezi kujitengenezea viini fulani vya lishe ambavyo tishu za mnyama hazina vya kutosha. Huingia mwilini, huzaliana mara chache, kisha hukwama kwa kukosa chakula. Panya waliopewa bakteria huyo hawakuugua, na baadaye walihimili *Salmonella* kali.

### Mzigo wa kwanza

Mwaka huo huo wa 1981, kundi la Samuel Formal wa Taasisi ya Utafiti ya Jeshi ya Walter Reed, Marekani, lilihamishia katika Ty21a plasmidi kubwa ya *Shigella sonnei*, bakteria anayesababisha kuhara damu. Plasmidi hiyo ina jeni za kutengeneza sukari ya uso wa *Shigella*. Lengo lilikuwa chanjo moja ya kumeza inayokinga dhidi ya homa ya matumbo na kuhara damu kwa pamoja. Katika majaribio kwa watu wa kujitolea, baadhi ya matoleo ya chanjo hiyo yalikinga na mengine hayakukinga, hivyo mradi haukuendelea hadi matumizi ya kawaida. Hata hivyo ulithibitisha kwamba wazo lenyewe linawezekana.

## Utengenezaji

### Kudhoofisha mbebaji

Siku hizi makali hupunguzwa kwa kukata jeni zilizochaguliwa. Jeni hizo ni za makundi matatu makuu: zile za lishe, kama *aroA*, *aroC* na *aroD*, zile zinazoongoza utendaji wa jeni nyingine, kama *phoP*, *cya* na *crp*, na zile za sumu au za kuvamia seli. Kwa kawaida hukatwa jeni mbili au zaidi zilizo mbalimbali kwenye kromosomu, ili bakteria akipata tena moja kutoka kwa bakteria wengine wa utumboni, nyingine ibaki imekosekana.

### Kuweka na kutunza jeni ya kigeni

Jeni ya antijeni huweza kuwekwa mahali pawili. La kwanza ni plasmidi, kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Plasmidi huwa na nakala nyingi, hivyo antijeni hutengenezwa kwa wingi. Lakini kuitunza ni mzigo kwa bakteria, na wale wanaoitupa huzaliana haraka kuliko wanaoibeba. Baada ya muda mfupi kundi lote linaweza kuwa bila mzigo. Mahali pa pili ni kromosomu yenyewe. Huko jeni haipotei kwa urahisi, ila antijeni inayotoka huwa kidogo.

Maabara huzuia plasmidi isipotee kwa kuitia jeni ya usugu dhidi ya antibiotiki, kisha bakteria hukuzwa penye antibiotiki hiyo. Njia hii haifai kwa chanjo ya binadamu, kwani inaweza kueneza usugu. Mwaka 1988 kundi la Roy Curtiss III, Marekani, lilieleza suluhisho linalotumia jeni *asd*. Jeni hiyo huhitajika kutengeneza asidi ya diaminopimeliki, kiungo cha ukuta wa bakteria ambacho hakipatikani katika tishu za wanyama. Huondolewa kwenye kromosomu na kuwekwa kwenye plasmidi pamoja na jeni ya antijeni. Bakteria anayeitupa plasmidi hushindwa kujenga ukuta wake, hupasuka na kufa.

### Kuwasha jeni kwa wakati wake

Antijeni nyingi ikitengenezwa mapema, bakteria huchoka kabla ya kufika anakotakiwa. Kwa hiyo hutumika promota, yaani kipande cha DNA kinachofanya kazi kama swichi, ambayo huwaka ndani ya mwili tu. Promota ya jeni *nirB*, kwa mfano, huwaka penye oksijeni kidogo. Mwaka 1992 ilitumika katika *Salmonella* iliyobeba kipande C cha sumu ya pepopunda, sehemu isiyodhuru ya sumu hiyo. Panya waliomezeshwa dozi moja walikingwa dhidi ya pepopunda.

Kundi la Curtiss lilibuni pia udhaifu unaochelewa. Bakteria hukuzwa penye sukari ya arabinosi na hapo huwa na nguvu zake zote za kuvamia. Akiingia katika tishu, ambamo arabinosi huru haipo, jeni zinazoendeshwa na sukari hiyo huzimika, naye hudhoofika hatua kwa hatua.

### Mahali antijeni inapokaa

Antijeni inaweza kubaki ndani ya bakteria, kuonekana juu ya uso wake, au kutolewa nje. Ikibaki ndani, mwili huiona baada ya bakteria kufa. Ikitolewa nje, inaweza kufikia seli za kinga mapema zaidi. *Salmonella* ina kifaa kinachofanana na sindano ndogo sana, kiitwacho mfumo wa utoaji wa aina ya tatu, ambacho huingiza protini moja kwa moja ndani ya seli ya mwenyeji. Watafiti wamekitumia kuingiza antijeni za virusi katika seli za panya. Katika njia nyingine, bakteria habebi protini bali DNA inayosomwa na seli ya mwenyeji, na seli hiyo ndiyo inayotengeneza antijeni.

## Namna kinga inavyoamshwa

*Salmonella* aliyemezwa hupita tumboni, kwenye asidi kali. Ndiyo sababu chanjo ya kumeza huwekwa katika kapsuli isiyoyeyuka tumboni, au hunywewa na maji yenye bikaboneti ya kupunguza asidi. Akifika katika utumbo mwembamba, hupenya kupitia seli M zilizo juu ya vikundi vya tishu za kinga viitwavyo madoa ya Peyer. Chini yake humezwa na makrofaji na seli za dendriti, ambazo huchukua vipande vya antijeni na kuvionyesha kwa limfosaiti.

Matokeo huwa ya aina tatu:

* kingamwili za IgA, zinazotolewa katika ute wa utumbo na tezi nyingine;
* kingamwili za IgG katika damu;
* limfosaiti T, ambazo baadhi husaidia seli nyingine za kinga na baadhi huua seli zilizoambukizwa.

Aina ya mwisho hutegemea makazi ya bakteria. *Salmonella* na BCG hukaa ndani ya kifuko katika seli iliyowameza, na antijeni zao huamsha hasa limfosaiti T saidizi. *Listeria* hutoboa kifuko hicho kwa protini iitwayo listeriolisini O na kuingia katika maji ya seli. Antijeni zake hivyo hufuata njia ile ile ya antijeni za virusi, na kuamsha kwa nguvu limfosaiti T zinazoua.

## Bakteria wanaotumiwa

### *Salmonella*

*Salmonella* Typhi huugua nayo binadamu peke yake. Kwa hiyo majaribio ya panya hufanywa kwa *Salmonella* Typhimurium, na mafanikio yake hujaribiwa kwa watu kwa kutumia Typhi. Mbali na Ty21a, wabebaji waliochunguzwa sana ni CVD 908 na CVD 908-htrA, waliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Maryland na kundi la Myron Levine.

### BCG

BCG imekwisha kupewa mabilioni ya watu. Hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa, na humwachia kovu dogo ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki wanalo mkononi. Faida hizi ziliwavutia watafiti, na mwaka 1991 makundi ya Marekani yalitangaza BCG zinazobeba antijeni za vijidudu vingine, zikiwemo za VVU. Matokeo ya panya yalikuwa mazuri. Lakini watu wazima walipojaribiwa BCG iliyobeba protini ya OspA ya bakteria wa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, kingamwili dhidi ya OspA hazikuonekana.

Mfano wa pekee ni VPM1002, iliyobuniwa na kundi la Stefan Kaufmann katika Taasisi ya Max Planck ya Biolojia ya Maambukizi, Berlin. Hii ni BCG iliyopewa jeni ya listeriolisini kutoka kwa *Listeria* na kuondolewa jeni ya urease, ili kifuko anamokaa kiwe na asidi inayoiwezesha listeriolisini kufanya kazi. Hapa jeni ya kigeni haikusudiwi kukinga dhidi ya *Listeria*, bali kuboresha kinga dhidi ya kifua kikuu chenyewe. Chanjo hiyo ilifika awamu ya tatu ya majaribio, ikiwemo kwa watoto wachanga katika nchi za Afrika, miongoni mwao Kenya, Tanzania na Uganda.

### *Listeria monocytogenes*

Kwa kuwa huamsha limfosaiti zinazoua seli, *Listeria* imechunguzwa zaidi kama tiba ya saratani kuliko kama kinga. Kundi la Yvonne Paterson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitengeneza *Listeria* inayobeba protini E7 ya virusi vya HPV aina ya 16, vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Ripoti ya jaribio la kwanza kwa binadamu, lililohusisha wanawake 15 wenye saratani hiyo iliyokwisha kuenea, ilichapishwa mwaka 2009. *Listeria* nyingine, CRS-207, ilibeba protini ya mesothelini dhidi ya saratani ya kongosho, lakini katika jaribio kubwa lililotoa matokeo mwaka 2016 haikurefusha maisha ya wagonjwa kuliko matibabu ya kawaida.

### Bakteria wasio na madhara

*Lactococcus lactis*, anayetumika kutengenezea jibini, hahitaji kudhoofishwa kwa kuwa hasababishi ugonjwa kwa kawaida. Panya waliopewa *L. lactis* iliyobeba kipande C walipata kinga dhidi ya pepopunda. Kasoro yake ni kwamba hapenyi ukuta wa utumbo wala hadumu humo, hivyo mara nyingi dozi kubwa na za kurudiarudia huhitajika.

## Majaribio kwa binadamu

Tofauti kati ya panya na binadamu ndiyo imekuwa kikwazo kikubwa. Mwaka 1994 ilichapishwa ripoti ya CVD 908 iliyobeba protini ya uso wa sporozoiti ya *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria. Chanjo ilikuwa salama, lakini ni wachache tu miongoni mwa waliochanjwa ambao miili yao iliitikia antijeni ya malaria. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya watu wazima 60 waliomeza *Salmonella* Typhi zenye protini ya PspA ya bakteria wa nimonia. Hawakudhurika, ila kinga dhidi ya PspA haikuwa ya maana.

Wabebaji wenyewe waliyumba kati ya udhaifu mwingi na mdogo. Aina ya Typhi iitwayo 541Ty, iliyoondolewa uwezo wa kutengeneza aina mbili za viini vya lishe, haikumdhuru mtu lakini iliamsha kingamwili chache mno. CVD 908 iliamsha kinga nzuri kwa dozi moja, ila baadhi ya waliochanjwa walionekana kuwa na bakteria wa chanjo katika damu, ingawa hawakuhisi ugonjwa. Jeni nyingine, *htrA*, ilipoondolewa, bakteria hawakuonekana tena katika damu na kinga ilibaki.

Kuna mambo mengine yanayopunguza nguvu ya wabebaji:

* Kinga ya awali. Mtu aliyewahi kukutana na bakteria huyo, kwa ugonjwa au kwa chanjo, anaweza kummaliza mbebaji kabla hajaushusha mzigo. Hali hiyo huweza pia kufanya dozi ya pili isifae.
* Ushindani wa antijeni. Bakteria ana maelfu ya protini zake mwenyewe, na mwili unaweza kushughulika nazo zaidi kuliko ile moja ya kigeni.
* Hali ya utumbo. Chanjo za kumeza hufanya kazi vizuri zaidi katika nchi tajiri kuliko penye maambukizi mengi ya utumbo na utapiamlo. CVD 103-HgR iliwakinga vizuri watu wa kujitolea wa Marekani, lakini katika jaribio la Jakarta Kaskazini, Indonesia, lililohusisha watu zaidi ya 67,000, haikuonyesha kinga ya kutosha, ingawa dozi ilikuwa kubwa mara kumi.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa nchi zinazotazamiwa kunufaika zaidi na chanjo nafuu ya kumeza ndizo ambamo chanjo za aina hiyo hupoteza nguvu.

## Usalama

Bakteria hai hawapewi mtu yeyote bila kujali hali yake. Walio na upungufu mkubwa wa kinga wanaweza kuugua kutokana na bakteria ambaye kwa wengine hana madhara. Watoto waliozaliwa na kasoro kali za kinga wamepata maambukizi ya BCG yaliyoenea mwili mzima. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba watoto wanaojulikana kuwa na VVU wasipewe BCG. Ushauri huo ulirekebishwa baadaye kwa wale ambao kinga yao imerejea kwa dawa za kupunguza makali ya VVU. Katika nchi zenye maambukizi mengi ya VVU, suala hili huhusu kila mbebaji aliye hai.

*Listeria* huleta hofu nyingine. Kijidudu kikali cha aina hiyo kinaweza kusababisha homa ya uti wa mgongo na kuharibu mimba, na wamewahi kuwepo wagonjwa wa saratani walioambukizwa na *Listeria* ya tiba. Faida iliyopo ni kwamba bakteria, tofauti na virusi, wanaweza kuuawa kwa antibiotiki. Kwa sababu hiyo hiyo, anayemeza chanjo ya bakteria hai hapaswi kuwa anatumia antibiotiki wakati huo.

Bakteria wa chanjo ya kumeza wanaweza kutoka na choo na kufika katika mazingira, na wale wenye jeni za kigeni huhesabiwa kuwa viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki, hivyo huhitaji vibali maalumu. Mbinu za kuwazuia zipo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 mjini Amsterdam, wagonjwa wa Crohn walipewa *L. lactis* inayotengeneza interleukini-10, dawa na si antijeni. Jeni ya dawa ilikuwa imewekwa mahali pa jeni *thyA*, hivyo bakteria hakuweza kuishi bila timidini, kiini ambacho asingekipata cha kutosha nje ya maabara.

## Ulinganisho na virusi wabebaji

Wazo la kubebesha antijeni limefanikiwa mapema zaidi kwa virusi. Chanjo ya Ebola iitwayo rVSV-ZEBOV, iliyotumika sana katika mlipuko wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia mwaka 2018, ni virusi vya wanyama vilivyopewa protini ya virusi vya Ebola. Baadhi ya chanjo za UVIKO-19 hutumia adenovirusi kwa namna hiyo.

Virusi huingia katika seli na kuifanya itengeneze antijeni kwa mtindo wa binadamu, jambo ambalo bakteria hawezi. Protini nyingi za virusi na vimelea huhitaji kukunjwa na kuongezewa sukari kwa namna maalumu, na zikitengenezwa na bakteria huweza kukosa umbo halisi. Kwa upande mwingine, bakteria anaweza kubeba jeni nyingi na kubwa, hukuzwa kwa gharama ndogo, na hudhibitiwa kwa antibiotiki. Chanjo za aina zote mbili huhitaji kutunzwa katika baridi. Kwa Ty21a ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

## Tazama pia

* Chanjo
* Bakteria
* Mfumo wa kinga
* Kifua kikuu
* Homa ya matumbo
* Uhandisi jeni